Mbegu za Mpunga katika Musoma, Bunda na Butiama

Mpunga ni zao geni katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Victoria. Wajita, Wakwaya, Waruri, Wazanaki, Waikizu na jirani zao waliishi kwa ulezi na mtama, na baadaye kwa muhogo. Hadi leo, katika nyumba nyingi za Majita na Butiama, ugali wa udaga na mtama ndio unaohesabiwa kuwa chakula. Wali ulikuwa wa mgeni, wa harusi na wa sikukuu. Mkulima wa huko anayeulizwa kama amepokea mbegu bora za mpunga anatoka katika ukoo ambao si zamani sana ulilipokea zao lenyewe, pamoja na namna ya kulitengenezea shamba. Maelezo mengi kuhusu mbegu bora huanza siku afisa ugani alipofika kijijini na mfuko wa mbegu, kana kwamba kabla yake hakuna aliyewahi kuchagua. Huko ni kuanzia katikati ya hadithi.

Mpunga ulifika bara pamoja na misafara ya Waarabu na Waswahili katika karne ya 19, kwanza Tabora na Unyanyembe, kisha Usukuma na visiwa vya kusini mwa ziwa. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaanza kuzunguka bandari za ziwa, mchele ukapata wanunuzi wa kudumu: maduka ya Wahindi, kambi za askari, watumishi wa serikali na wakazi wa miji midogo kama Mwanza na Musoma. Lakini Musoma ilibaki mji wa kula mchele zaidi kuliko kuulima. Mvua za upande huu wa ziwa, vuli na masika, hazina uhakika wa kuujaza mpunga maji kwa miezi minne mfululizo, na sehemu kubwa ya ardhi ya miinuko ni kichanga kinachofaa muhogo na mtama.

Kilichobadilisha mambo ni majaruba. Wasukuma walikuwa wamegundua kwamba chini ya miteremko yenye kichanga kuna ukanda wa udongo mgumu, wanaouita itogolo, ambao haupitishi maji kwa urahisi. Ukiuzungushia matuta, maji ya mvua yanayoteremka kutoka juu hukusanyika humo na kukaa. Hapakuhitajika mfereji, bwawa wala mhandisi. Kilichotakiwa ni jembe, nguvu na jicho la kujua maji yanapita wapi. Ujuzi huo ulisambaa kwa njia za kawaida za watu wa ziwa. Kusini, Wilaya ya Bunda inapakana na Usukuma, na familia za Kisukuma zilizohamia kutafuta malisho zilikuja na ufundi wao. Upande wa magharibi, rasi ya Kibara na Kisorya inatazamana na Ukerewe, kisiwa chenye mpunga wa muda mrefu na ambacho lugha yake ina undugu na Kijita. Kutoka Bunda majaruba yalipanda kuelekea mabonde ya Musoma, na baadaye sehemu za chini za eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Butiama. Kabla ya hapo Butiama ilikuwa ndani ya Musoma Vijijini, jambo linalofaa kukumbukwa na anayesoma takwimu za zamani.

Pamoja na majaruba zilikuja mbegu. Kanda ya Ziwa ilikuwa na majina mengi: Afaa Mwanza, Kalamata, Rangi Mbili, Sindano, Faya. Baadaye Supa ikazifunika karibu zote. Supa ni mpunga mrefu wenye punje ndefu na harufu inayosikika kabla ya sufuria kufunuliwa. Hukaa shambani muda mrefu, huelekea kulala ukitiwa mbolea nyingi, na mavuno yake ni ya wastani. Hata hivyo ilienea kutoka nyumba hadi nyumba bila kampeni, bila vocha na bila shamba darasa, kwa sababu mfanyabiashara aliyekuja na lori aliiulizia kwa jina. Wakulima wa kanda hii, ambao ripoti hupenda kuwaeleza kuwa wagumu kubadilika, walibadilisha mbegu karibu yote ya mpunga wao kwa hiari yao.

Msukumo mkubwa wa kuingia katika mpunga ulitoka kwenye pamba. Tangu wakati wa Waingereza, Mara, mkoa zilimo wilaya hizi tatu, ilikuwa sehemu ya ukanda wa pamba wa magharibi, na vyama vya msingi vilivyounganishwa mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions vilikuwa miongoni mwa vyenye nguvu zaidi Afrika. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ununuzi ukaangukia mashirika ya umma. Nafaka zilipaswa kupitia Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, kwa bei iliyopangwa. Katika miaka ya 1980 mkulima wa pamba alipata bei ndogo, na mara nyingi alingoja malipo miezi mingi. Vizuizi vya biashara ya nafaka vilipoanza kulegezwa kuanzia mwaka 1984, mpunga ukawa na sifa ambayo pamba haikuwa nayo: uliuzwa kwa fedha taslimu, siku hiyo hiyo, kwa mtu yeyote, na usipouzwa huliwa. Majaruba yaliongezeka kote Usukumani na Bunda katika miaka hiyo. Baadaye batobato kali na michirizi kahawia zilipoushambulia muhogo wa kanda ya ziwa, zao lolote lenye fedha lilizidi kuwa na maana.

Wakati huo serikali ilikuwa na njia yake ya pili ya mpunga, ya skimu na mashamba makubwa. Mbarali ilijengwa kwa msaada wa China na Dakawa kwa msaada wa Korea Kaskazini. Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ndiyo iliyotoa somo kubwa kuliko zote. Huko wakulima waliopewa maji ya uhakika waliipokea IR54, mbegu fupi kutoka taasisi ya utafiti wa mpunga ya Ufilipino, na mavuno yakavuka tani 6 kwa hekta. Mbegu na ufundi wake havikuishia ndani ya mipaka ya mradi. Wakulima wa juu ya mto, ambao hawakuwamo katika mpango, waliiga, wakafungua mashamba yao na kuchepusha maji, hadi skimu yenyewe ikapungukiwa. Hapo tatizo lilikuwa watu kuipokea mbegu kupita kiasi.

Mkoani Mara njia hiyo haikufika mbali. Bonde la Bugwema, upande wa Musoma Vijijini, lilianza kutajwa kwa kilimo cha umwagiliaji katika miaka ya 1970, na limeendelea kutajwa katika mipango ya kila awamu. Bunda nayo ina maeneo ya mwambao yanayofaa maji ya kuvuta kutoka ziwani. Lakini sehemu kubwa ya mpunga wa wilaya hizi tatu bado hutegemea mvua. Mtu anaweza kusimama kwenye jaruba lililopasuka nyufa na kuliona Ziwa Victoria kwa macho. Pampu, mafuta na mabomba ndivyo vinavyotenganisha shamba hilo na maji yale, na gharama yake haibebwi na ekari moja ya mpunga.

Mbegu bora ya Tanzania iliyokuja kujulikana kuliko zote ilitoka katika utafiti wa Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliidhinishwa TXD 306, ambayo herufi zake zinataja Tanzania na Dakawa ilikochambuliwa. Wakulima huiita SARO 5, au SARO tu. Ni fupi, hutoa machipukizi mengi, hukomaa mapema kuliko Supa, haianguki ovyo, na ina harufu kiasi. Chini ya matunzo mazuri inaweza kutoa tani 6 hadi 8 kwa hekta, wakati mpunga wa kienyeji unaotegemea mvua huishia tani 2 au chini ya hapo. Mwaka 2009 ziliidhinishwa mbegu za NERICA, zao la kuchanganya mpunga wa Asia na ule wa Afrika Magharibi, kazi iliyompatia Monty Jones wa Sierra Leone tuzo ya chakula ya dunia mwaka 2004. Mwanzoni mwa muongo uliofuata zikafuata Komboka na Tai. Mkakati wa taifa wa mpunga wa mwaka 2009 ulilenga kuongeza uzalishaji maradufu kufikia 2018, na mbegu ndiyo iliyowekwa mbele.

Kwa nini basi Supa haikung'oka? Jibu la kwanza ni maji. Tani 6 za SARO ni za shamba ambalo mtu anaweza kuliingizia maji leo na kuyatoa kesho. Jaruba la Bunda lina tabia nyingine: mvua ikichelewa, kitalu huzeeka kikingoja kupandikizwa; mvua kubwa ikishuka ghafla kutoka mlimani, maji hufunika mche mfupi huku Supa ikitoa kichwa juu. Mbolea ya kukuzia iliyotiwa siku moja kabla ya mafuriko huishia kwenye jaruba la jirani. Katika mazingira hayo faida ya mbegu bora juu ya mbegu ya nyumbani hupungua sana, na mkulima aliyejaribu kwenye robo ekari na kuona hivyo anakuwa amepima mwenyewe, wala hawezi kuambiwa kwamba hajaelewa.

Jibu la pili ni pua ya mlaji. Mchele wa Mara huuzwa Musoma mjini, Bunda, Mwanza na ng'ambo ya mpaka wa Kenya huko Sirari, na katika masoko yote hayo harufu ina bei. Mwenye mashine ya kukoboa hutenga mchele wa Supa, na mama lishe huutaja kwa sauti. SARO ilishinda mbegu nyingine fupi kwa sababu watafiti walioichambua walijali harufu, jambo ambalo watangulizi wao hawakulitilia maanani. Mbegu kadhaa za NERICA zilikomaa haraka na kuvumilia ukame, lakini hazikupata jina sokoni. Mkulima huzidisha magunia kwa bei, wala haangalii magunia peke yake. Bei yenyewe pia huyumba kwa maamuzi ya mbali: ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa asilimia 75 kwa mchele wa nje umekuwa ngao ya mkulima, na serikali ilipouruhusu mchele kuingia bila ushuru mwaka 2013, bei zilishuka na walioumia zaidi walikuwa wale waliokwisha kugharamia mbolea na mbegu za kununua.

Jambo la tatu halizungumzwi sana, nalo ni maumbile ya mpunga wenyewe. Mpunga hujichavusha. Aliyenunua kilo chache za SARO safi anaweza kuzihifadhi na kuzipanda misimu kadhaa, na akampa shemeji yake debe moja, bila mbegu kubadilika sana. Mahindi chotara hayako hivyo. Yakirudiwa hupoteza nguvu, na ndiyo maana kampuni za mbegu huyapenda. Uchunguzi maarufu wa kusambaa kwa mahindi chotara huko Iowa, Marekani, uliochapishwa na Bryce Ryan na Neal Gross mwaka 1943, na ule wa Zvi Griliches wa mwaka 1957 kuhusu faida kama kichocheo cha kuyapokea, ulihusu zao ambalo nyuma yake kulikuwa na wauzaji wenye hamu ya kurudi kila mwaka. Mpunga hauna muuzaji wa namna hiyo. Kampuni ikipeleka mbegu Butiama mwaka huu, mwakani inaweza isipate mnunuzi hata mmoja, na hiyo ikawa dalili kwamba mbegu yake ni nzuri.

Kwa hiyo kazi imebaki kwa serikali. Shirika la TANSEED, lililoanzishwa mwaka 1973, lilidhoofika pamoja na mashirika mengine ya umma. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 iliweka taasisi ya kuthibitisha ubora, TOSCI, na mwaka 2006 ukaanzishwa Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA. Utafiti ulikusanywa chini ya TARI kwa sheria ya mwaka 2016, na kwa kanda ya ziwa kituo kikongwe ni Ukiriguru, ambacho sifa yake ya kihistoria ni pamba. Mbegu ya mpunga iliyothibitishwa hutoka mbali, mara nyingi Morogoro, na duka la pembejeo la Bunda au Musoma lina hofu ya kubaki na mifuko isiyouzika msimu ukipita. Njia iliyoonekana kufaa zaidi ni mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambazo kikundi cha wakulima waliofundishwa huzalisha na kuuza katika eneo lao. Pale ambapo hakuna kikundi kama hicho, swali la kwa nini mkulima hakutumia mbegu bora lina jibu fupi: hakuiona.

Kuna pia suala la mikono. Mara ni mkoa wa plau. Kulima kwa ng'ombe kulienea humo mapema, na kuandaa jaruba ni kazi ya wanaume na maksai. Lakini kupandikiza, kupalilia, kuamia ndege na kuvuna huangukia zaidi wanawake na watoto. Mbegu bora huja na masharti: kitalu kizuri, miche michanga, mstari kwa kamba, nafasi ya sentimita 20 kwa 20, palizi mbili. Kila sharti ni siku za ziada za mwanamke yule yule, ambaye wakati huo huo ana shamba la muhogo na chakula cha nyumbani cha kuangalia. Familia yenye watu wengi, au yenye fedha ya kulipa vibarua, huipokea mbegu mapema. Mjane mwenye watoto wadogo hurusha mbegu ya Supa kwa mkono na kuendelea na mengine. SARO inayokomaa mapema peke yake bondeni pia huwaita kweleakwelea kabla ya mashamba mengine, na wa kuwafukuza ni mwenye shamba hilo tu. Mwenye ng'ombe hukumbuka jambo jingine ambalo watafiti huliacha: Supa ndefu huacha mabua mengi ya kulisha maksai kiangazi.

Kuhusu elimu na ugani, uchunguzi mwingi kuhusu kupokelewa kwa mbegu hukuta kwamba aliyesoma zaidi, aliyetembelewa na bwana shamba au aliye katika kikundi ana nafasi kubwa ya kutumia mbegu bora. Ni kweli, ingawa sababu na matokeo hushikana hapo: bwana shamba mwenye pikipiki moja na vijiji vingi huenda kwanza kwa mkulima anayejiweza. Mafunzo ya mpunga yaliyoendeshwa kutoka Moshi kwa msaada wa Japani tangu 2007 yalijaribu kuvunja duara hilo kwa kuwafundisha wakulima wachache wakawafundishe wenzao, kwa kuwa watu husadiki shamba la jirani kuliko kipeperushi. Mpango wa vocha wa kitaifa ulioanza msimu wa 2008/09 ulimpa mkulima mdogo wa mahindi au mpunga mbolea na mbegu kwa nusu ya bei. Vocha ziliwafanya wengi wajaribu mbegu kwa mara ya kwanza. Nusu iliyobaki, hata hivyo, ilitakiwa fedha mkononi mwanzoni mwa msimu, wakati ambao nyumba nyingi hazina. Wengine waliuza vocha zao kwa mawakala, na pembejeo zilizochelewa ziliukuta mpunga umekwisha kupandwa. Ruzuku ya mbolea iliyorudi msimu wa 2022/23, kwa kuandikisha wakulima kidijitali, ilipunguza bei ya mfuko, lakini jaruba la mvua halikuacha kuwa la mvua.

Magonjwa nayo yamekuwa na nguvu ya kubadilisha mbegu, pengine kuliko mikutano. Kimyanga, ugonjwa wa virusi unaogeuza majani kuwa ya manjano na kudumaza mpunga, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 karibu na Kisumu, ng'ambo tu ya mwambao huu. Mkulima aliyepoteza jaruba zima huwa tayari kusikiliza habari za mbegu nyingine. Bahati mbaya ni kwamba Supa na SARO zote mbili hushambuliwa, hivyo mafunzo yanayoahidi kinga yasipotaja hilo hupoteza imani ya watu kwa miaka mingi.

Mwisho ni ardhi. Majaruba mengi hukodishwa kwa msimu, hasa kwa vijana, na mpangaji hana sababu ya kusawazisha jaruba au kuinua matuta atakayoyaacha baada ya kuvuna. Bila kusawazisha, mbegu fupi hufa maji upande mmoja na kiu upande wa pili. Upande wa Bunda unaopakana na Hifadhi ya Serengeti, tembo huamua mambo yasiyohusiana na mbegu, na mwenye shamba lililoko njiani mwao hupunguza gharama kwa kupanda kilicho rahisi. Serikali iliamua kuwahamisha wakazi wa kata ya Nyatwali, kwenye Ghuba ya Speke, ili kuiunganisha hifadhi hiyo na ziwa. Eneo hilo ni miongoni mwa machache ya wilaya ambako maji ya ziwa na tambarare ya mpunga vinagusana. Vijiji vya ndani, kuelekea Butiama, havina shida hiyo ya tembo, lakini havina ziwa pia, na huko mgawanyo wa mbegu umekaa kwa namna inayoeleweka: SARO kwenye majaruba ya chini yanayoshika maji muda mrefu, Supa kwenye ya juu na kwenye lile la kuuza, mara nyingi ndani ya shamba la mtu mmoja.